Bibi Mwenye Taa Makaburini

Kila mwaka, zikishapita siku za Watakatifu Wote na Marehemu Wote, sisi watatu huwakusanya watoto katika ukumbi wa parokia Jumamosi asubuhi ili kuwafundisha kusoma. Wachache ni wa darasa la sita. Walio wengi wamefanya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba, nao wako nyumbani wakingoja matokeo na kidato cha kwanza cha mwezi Januari. Kahawa imekwisha kuvunwa huku kwetu Mbinga, mvua za kwanza zinanyesha, na wazazi hufurahi mtoto akiwa na mahali pa kwenda. Wawili kati yetu ni walimu wa shule ya msingi, mmoja amekwisha kustaafu. Wa tatu ni katekista.

Huenda ukauliza, ndugu msomaji, mtoto aliyemaliza darasa la saba hufundishwaje kusoma? Si amekwisha kujua? Kutamka anajua. Mwaka mmoja kijana wetu alisoma somo la pili katika Misa ya watoto, akasoma bila kukwama hata mahali pamoja, na waamini wakatazamana kwa furaha. Baada ya Misa tulimwuliza: Mtume Paulo alikuwa akimwandikia nani? Akafikiri, akajibu: "Ndugu." Tukamwuliza, ndugu gani? Akanyamaza. Waraka ulianza kwa neno "ndugu", naye alikuwa amelisoma vizuri sana.

Watoto wetu wengi huongea Kimatengo nyumbani, na wale waliotoka mwambao huongea Kinyasa. Kiswahili ni lugha ya shule na ya kanisa, na mwezi Januari masomo karibu yote yatageuka kuwa ya Kiingereza. Mtoto aliyezoea kupita juu ya maneno ya Kiswahili bila kuzama, atafanya nini na ya Kiingereza? Basi tuliona hii ni kazi ya huruma kama kazi nyingine za huruma, tukaanza.

Tulianza vibaya. Tulichukua vifungu vya habari kutoka vitabu vya zamani: usafi wa mazingira, faida za miti, safari ya kwenda sokoni. Watoto walinakili majibu kutoka kwenye kifungu bila kuinua vichwa. Swali likiuliza "Juma alikwenda wapi?", wanatafuta neno "alikwenda" na kuandika linalofuata. Hapo hakuna ufahamu hata kidogo.

Jumamosi moja mvua ilinyesha sana juu ya bati hata hatukusikilizana. Tukawaacha wakae karibu karibu, na mtoto mmoja akaanza kuwasimulia wenzake habari za Jiwe la Mbuji. Msomaji wa Mbinga hahitaji kuelezwa. Kwa mgeni tuseme tu kwamba ni jiwe kubwa mno lililosimama peke yake, na wazee husimulia juu yake mambo ya mizimu, na kwamba mtu hapandi hivi hivi bila ruhusa. Mtoto alisimulia kuhusu kijana aliyepanda peke yake akasikia anaitwa. Mwenzake akamkatiza: "Ulisema alikuwa peke yake. Sasa nani alijua kwamba aliitwa?" Mwingine akasema: "Labda aliyarudi akasimulia mwenyewe." Wa tatu: "Lakini ulisema hakurudi!"

Tulitazamana sisi watatu. Yale maswali tuliyoshindwa kuyatoa kwao kwa wiki tatu, walikuwa wakiulizana wenyewe bila daftari. Walikuwa wanashika maneno ya msimulizi, wanayapima, wanayagonganisha. Hofu ndiyo iliyowafanya wasikilize kila neno. Ndipo mmoja wetu akasema: tuwaandikie habari za kutisha. Mwezi ni wa marehemu, tayari wanafikiria makaburi.

Katekista alikataa siku ile ile. Alisema kwamba watoto hawa wanajiandaa kwa Kipaimara, na watarudia ahadi za ubatizo mbele ya Askofu, wamkatae shetani na kazi zake na fahari zake. Je, Jumamosi tuwalishe kile ambacho Jumapili tunawaambia wakitapike? Akatukumbusha Kumbukumbu la Torati sura ya 18, pale Mungu anapowakataza watu wake kuwauliza wafu na kufuata wapiga ramli. Tena akasema jambo ambalo hatukuwa na jibu lake. Huko Marekani na Ulaya, alisema, walimu hutumia vibuyu na mifupa ya karatasi mwishoni mwa Oktoba kwa sababu watu wao wamekwisha kuacha kuviogopa. Kwao ni mchezo. Kwetu si mchezo.

Ni kweli. Sikukuu yao yenyewe ilitoka katika kalenda ya Kanisa, maana jina lake la Kiingereza asili yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, na siku ya Marehemu Wote ilienezwa na Odilo, abate wa Cluny, miaka elfu moja iliyopita. Huyo alikuwa Mbenedikto, wa familia ile ile ya watawa waliofika Peramiho mwaka 1898 na kuleta Injili katika milima hii. Kwa hiyo mwezi Novemba ni wetu kabisa. Lakini mifupa ya karatasi haijamwua mtu. Kwetu, mwanzoni mwa mwaka 2019, katika mkoa jirani wa Njombe, watoto waliuawa kwa imani za kishirikina, na hofu ikavuka mipaka ya mkoa haraka kuliko gari la abiria. Kule kanda ya Ziwa Victoria kwa miaka mingi ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kwa sababu ya viungo vyao. Na bibi vizee waliuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu.

Tukae hapo kidogo kwenye macho mekundu. Mwanamke amepika kwa kuni miaka 60 katika jiko lisilo na dirisha, moshi ukaharibu macho yake. Jirani anayatazama yale macho na kuyasoma, maana huko nako ni kusoma, na anasoma "mchawi". Alama alioiona ni ya kweli kabisa: macho ni mekundu. Maana aliyoipa ndiyo ya uongo, na kwa maana hiyo mtu anakufa. Tulimwambia katekista: hii ndiyo sababu tunataka kuwafundisha. Mtoto asiyejua kutofautisha kilichoandikwa na alichokiongeza mwenyewe, kesho atausoma vivyo hivyo uso wa mtu. Katekista akasema tunaweza kuwafundisha hayo kwa habari za miti na soko. Tukamwambia hapana, kwa sababu hakuna anayeongeza kitu katika habari za soko. Mtu huongeza mahali anapoogopa.

Tulikubaliana kuanza na Maandiko, na hata yeye alikubali kwamba Maandiko yanatisha. Tulisoma Danieli sura ya 5. Mfalme Belshaza yuko karamuni, anakunywa katika vyombo vilivyoporwa hekaluni, na mara vidole vya mkono usio na mtu vinaandika ukutani. Uso wake unabadilika, magoti yake yanagongana. Watoto walipenda sana magoti. Tulipouliza mfalme aliogopa nini, wote walisema: mkono. Tukauliza tena: baada ya mkono kutoweka, kwa nini aliendelea kuogopa? Ilichukua muda. Msichana mmoja akasema: "Kwa sababu hajui umeandika nini."

Tumeirudia sura hiyo kila mwaka, na kila mwaka tunaona kitu. Mfalme huyu anawaita kwanza waganga na wanajimu, kama watu wengi wa kwetu, na anaahidi zawadi kubwa. Hawawezi kusoma. Danieli anakataa zawadi, kisha anasoma. Na anapomaliza kusoma, habari ni mbaya kuliko mkono! Hapo tuliona kosa katika mawazo yetu wenyewe. Tulidhani kuelewa huondoa hofu. Kwa Belshaza kuelewa hakukuondoa hofu, kulihamisha tu mahali pake: aliogopa vidole, na kumbe cha kuogopa kilikuwa maisha yake aliyoishi, yaliyopimwa na kuonekana mepesi. Mtu anaweza kutetemeka mbele ya mkono ukutani na asitetemeke hata kidogo kwa vile vyombo vya wizi alivyovinywea.

Kisha tukasoma Marko sura ya 6, wanafunzi ziwani usiku, wanapiga makasia na upepo unawakabili. Hapa watoto wa mwambao walikuwa walimu wetu. Wa milimani walidhani ziwa ni bwawa kubwa. Kijana mmoja kutoka upande wa Liuli aliwaeleza upepo wa kusini, ule ambao wavuvi wengi wa Nyasa huuita mwera, jinsi unavyoinua mawimbi hata mtumbwi ulioelekea nyumbani ukaonekana unarudi nyuma. "Usiku ule," alisema, "kila kitu cheupe ni mzimu." Akaeleweka. Wanafunzi walimwona Bwana wao wenyewe wakamdhania mzuka, wakapiga kelele. Aliyekuwa anakuja kuwasaidia ndiye waliyemwogopa. Hatukuongeza mahubiri yoyote hapo. Katekista alikuwa amekaa nyuma, akaandika kitu katika daftari lake.

Kutoka hapo tulipata ujasiri wa kuandika vyetu. Cha kwanza kilikuwa juu ya moshi. Wanaoishi kando ya Ziwa Nyasa wanajua kwamba siku nyingine moshi mweusi husimama juu ya maji mbali na nchi kavu, nguzo ndefu inayotembea, na hakuna meli inayoungua. Tuliandika kama mvuvi anavyoiona mara ya kwanza: nguzo inamkaribia, mwanga wa jua unapungua, anasikia mvumo, kitu laini kinamgusa midomoni. Watoto wa milimani waliacha kupumua. Swali la mwisho liliuliza: ni nini hiki, na maneno gani ya kifungu yanakuonyesha? Wengi waliandika jini. Yule wa Liuli alicheka mpaka tukamtoa nje kidogo. Ni kungu, wadudu wadogo ambao wakiwa funza hukaa ndani ya maji, kisha hupanda wote kwa pamoja wakiwa na mabawa, mamilioni. Wako watu kandokando ya ziwa wanaowakamata, kuwabana na kuwapika. Habari ilikuwa imesema "mabawa" mara mbili. Wale walioandika jini walirudi kuyatafuta mabawa, wakayakuta, wakajishika vichwa.

Mmoja wetu, yule mstaafu, alisoma ujanani riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotolewa mwaka 1960. Alitukumbusha jinsi maiti inavyokutwa mzimuni, na jinsi Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, haulizi mizimu. Anauliza watu. Tulijiona tuko katika njia njema. Tulijiona werevu pia, na hapo ndipo tulipokosea.

Kifungu cha tatu kilikuwa hiki, tunakiandika hapa kama kilivyokuwa ubaoni:

Ilikuwa usiku wa tarehe 2 Novemba, mvua imetoka kunyesha. Nilimwona bibi mmoja akiingia makaburini peke yake. Mkononi alishika mwanga mdogo uliotikisika kwa upepo. Chini ya khanga alificha kitu. Alipiga magoti juu ya kaburi, akafukua udongo kwa mikono, na midomo yake ikawa inatamka maneno nisiyoyasikia. Aliponigeukia niliona macho yake ni mekundu. Asubuhi nilipita tena. Majani ya kaburi lile yalikuwa yameng'olewa, palikuwa na nta iliyoganda juu ya jiwe, na miche miwili ya maua.

Maswali yalikuwa matano. Tukio lilitokea tarehe ngapi? Bibi alishika nini? Alikuwa anafanya nini? Kwa nini macho yake yalikuwa mekundu? Bibi huyu ni mtu wa namna gani? Tuliwaza hivi: wataandika mchawi, kisha tutawaonyesha tarehe, nta, maua, nao watajiona walivyomhukumu mjane aliyekwenda kumwombea mumewe na kulia. Somo lingewaingia kuliko hotuba kumi.

Wakaandika mchawi. Bibi anafanya nini? Anafukua maiti. Kwa nini macho ni mekundu? Kwa sababu ni mchawi. Bibi ni mtu wa namna gani? Mchawi. Ni wawili tu walioifikiria ile tarehe. Lakini saa sita ilikuwa imefika, mvua ilikuwa inakuja tena, na wengine wanakaa mbali. Tulikusanya madaftari tukasema tutasahihisha Jumamosi ijayo.

Msichana mmoja alibaki amekaa. Daftari lake lilikuwa na tarehe tu, jibu la swali la kwanza, na chini yake hakuna kitu. Alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa: "Mwalimu, mmemwandika bibi yangu."

Tulimwambia hapana, bibi huyu tumemtunga, hayupo. Akasema: "Wenzangu wanajua ni yeye."

Bibi yake alikuwa amesingiziwa miaka miwili kabla, baada ya mtoto wa jirani kufariki ghafla. Hakuna aliyempiga. Waliacha kumsalimu, kisha wakaacha kuteka maji wakati anapoteka, kisha usiku mmoja mawe yakaanguka juu ya bati lake. Alishuka kwenda kukaa kwa binti yake mwingine mwambaoni. Sisi watatu tulikuwa tunasali katika parokia hiyo hiyo na hatukujua. Labda ni sahihi zaidi kusema kwamba tulikuwa tumesikia kuwa amehamia kwa binti yake, tukaona ni jambo la kawaida kwa mzee, hatukuuliza.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Watoto walikwenda nyumbani na nusu ya hadithi. Nusu yenye nta na maua ilibaki kwenye kabati la parokia pamoja na madaftari. Jumatano mzazi mmoja alikuja kuuliza ni kweli tunawafundisha watoto dalili za wachawi. Alikuja kwa heshima, na hakuwa na hasira. Alitaka kuzijua.

Katekista angeweza kutuambia kwamba alisema tangu mwanzo. Hakusema. Alisema twende kwa bibi.

Tuliomba ruhusa kwa mama wa msichana, tukapanda gari asubuhi kushuka Mbamba Bay. Anayeijua barabara ile anajua jinsi ziwa linavyotokea ghafla chini, na hewa inavyobadilika. Tulimkuta akianika dagaa juu ya mchanga. Tukamwamkia, akatuitikia, akatupa mkeka. Tulijaribu kueleza, kila mmoja akimwachia mwenzake sentensi ngumu. Mwishowe alisema: "Hebu nisomeeni hicho mlichoandika." Hajui kusoma. Mmoja wetu alisoma, pole pole, na aibu aliyokuwa nayo ilisikika.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akageuza dagaa. Kisha akauliza: "Aliyemwona ni nani?"

Tukamwambia: msimulizi, bibi. Yule anayesema "nilimwona".

"Na yeye alikuwa anafanya nini makaburini usiku?"

Hatukuwa na jibu. Tuliandika kifungu kile sisi wenyewe, tukakisahihisha mara tatu, tukatunga maswali matano, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza mtazamaji. Bibi alicheka kidogo. "Huyo ndiye wa kuulizwa, walimu. Mimi siku zile waliponisema, kila mtu alikuwa na mtu aliyeniona. Fulani amekuona saa nane za usiku. Hakuna aliyemwuliza fulani, wewe saa nane ulikuwa wapi?"

Tulisema tutakifuta kifungu, tutakichana. Akatikisa kichwa. Mkikifuta, alisema, watoto watajua ni kweli. Mkimalizie.

Jumamosi iliyofuata tuliandika kifungu kile kile ubaoni, na swali la sita. Hatukusema limetoka kwa nani. Msimulizi alikuwa anafanya nini makaburini usiku ule? Ukumbi ulinyamaza, kisha ukalipuka. Mmoja alisema alikuwa mlevi amepotea njia. Mmoja alisema alikuwa anaiba misalaba ya chuma auze chuma chakavu, na hilo lilipata wafuasi wengi, kwa kuwa misalaba huibwa kweli. Kisha mtoto wa darasa la sita, ambaye husema mara chache, akainua mkono: "Labda na yeye alikwenda kuwasha mshumaa. Wakaogopana." Hapo ndipo wakarudi kwenye nta, wakaigundua tarehe, na wakasoma maua. Mmoja alikasirika kabisa, akasema: "Mwalimu, maua mliyaficha mwishoni!" Tulikubali. Tuliyaficha.

Msichana hakuja siku hiyo. Alikuja baada ya wiki mbili, akakaa mahali pake. Hatujui kama alitusamehe. Hatukumwuliza, kwa sababu mtoto akiulizwa na mwalimu hujibu ndiyo.

Tangu hapo tumebishana mara nyingi juu ya jambo hili, na swali la bibi limegeuka kutuelekea sisi. Mwenye kuwatisha watoto, yeye anafanya nini huko gizani? Mhubiri anayehubiri moto wa milele ili sadaka iongezeke, mganga anayemwambia mama kwamba mwanawe amerogwa ili alipwe mbuzi, mwanasiasa anayetaja adui asiyeonekana, na walimu watatu wanaotaka daftari lijae: wote wamesimama makaburini na kusema "nilimwona". Nia zetu zilikuwa njema kuliko za wengine hao, tunaamini hivyo. Lakini tuliitumia hofu ya watoto kama chambo, na chambo lile lilikuwa mtu. Tulimtunga, ndiyo, lakini tulimtunga kwa vipande vya mtu aliye hai, vile vile ambavyo kijiji kilimtungia: uzee, khanga, usiku, macho.

Katekista bado anasema tungebaki na Danieli na ziwa la Galilaya. Anasema katika Maandiko hofu ina mwenyewe, yuko Mmoja anayejua mwisho wa habari, na anayetisha huko huja kusema msiogope. Sisi wengine wawili tunasema watoto watasimuliwa habari za kutisha tukitaka tusitake, jikoni, njiani na katika simu, na hakuna huko atakayewaambia warudi kwenye mstari waangalie imeandikwa nini. Hatujakubaliana. Tulilokubaliana ni dogo zaidi: hatufungui habari ya kutisha kama hakuna muda wa kuifikisha mwisho siku hiyo hiyo, hata mvua ikija, na kabla ya kuiandika ubaoni tunajiuliza ni nyumba gani ya hapa itakayojisikia imetajwa. Tunaposhindwa kujibu, tunakwenda kuuliza. Hiyo imetufanya tuwajue waamini wetu kuliko miaka yote ya kukaa nao kanisani.

Bibi alifariki mwaka huu kabla ya mavuno ya kahawa. Alizikwa kule mwambaoni, karibu na maji. Mjukuu wake, ambaye sasa yuko sekondari, ametuambia kwamba tarehe 2 Novemba atashuka kumwashia mshumaa, na kung'oa majani, na kupanda maua. Tutakwenda naye. Tumepanga kufika mapema, jua likiwa bado juu ya ziwa, kwa sababu katekista wetu huogopa makaburi usiku, naye ametuambia hivyo bila kuona haya.